Aliyepanda Pikipiki Kinyume

— Panda, Mwalimu.

— Assani, una wazimu? Mimi bibi wa wajukuu watatu!

— Kwani bibi hana pa kukalia? Panda.

Marcelina akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Ndani ya nyumba yake, mtaa wa Katubuka, binti yake Ella alikuwa anafunga mabegi. Kesho wanapanda treni kwenda Dar es Salaam, na safari hii Marcelina hakupanga kurudi. Tangu afiwe na mumewe, Martini, na yeye mwenyewe astaafu ualimu, Ella alikuwa na wimbo mmoja tu: "Mama, njoo tukae wote."

Na nje ya uzio, Assani, fundi injini wa Ujiji, mjane kama yeye, kichwa cheupe kama pamba, alikuwa amekalia Honda nyekundu. Ile ile! Ile waliyozungukia vijiji ujanani, Assani akiendesha, Marcelina akipiga watu picha kwa malipo, mpaka Kasulu. Walipendana hadi mji ukajua. Lakini baba yake Marcelina alisema binti wa kanisani haolewi na Mwislamu, na hakuna aliyethubutu kumjibu.

— Umeitoa wapi?

— Sikuwahi kuiuza. Ililala stoo, nimeifufua. Kama unaondoka, nataka uondoke umepanda ile milima ya Kidahwe mara moja tu. Hata kamera yako ninayo, ila mkanda wa picha nimetafuta mji mzima, hakuna.

— Nina simu.

Ella akatokea mlangoni.

— Shikamoo, Mzee Assani.

— Marahaba, mwanangu.

— Mzee wangu, samahani, unampeleka wapi? Mama ana presha! Na watu watasema nini?

— Watasema mama Ella kapanda pikipiki, — Marcelina akajibu, akikaza kitenge juu ya suruali. — Na watakuwa wamesema kweli.

Akapanda. Lakini hakutazama mbele. Alikaa mgongo kwa mgongo na Assani, uso nyuma, mikono huru.

— Mama! Umekaa kinyume!

— Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazi. Yeye anatazama barabara, mimi napiga tulikotoka.

Kijiweni, vijana wa bodaboda walipiga miluzi.

— Bibi, mbele ni upande ule!

— Najua, mjukuu wangu! Ila huku ndiko kuzuri!

Barabara ikaanza kupanda. Nyumba zikapungua, migomba ikawa mingi. Na nyuma, taratibu, Ziwa Tanganyika likaanza kufunguka. Kwanza kipande cha buluu katikati ya vilima viwili. Kisha kipande kikubwa zaidi. Kila walivyopanda, nalo lilipanda, mpaka likajaa macho yote, na ng'ambo yake milima ya Kongo ikasimama kama moshi uliosahau kuondoka. Marcelina aliishusha simu. Hakupiga picha. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujua yameanza saa ngapi.

— Assani, simama. Geuka.

Assani akasimamisha, akageuka.

— Miaka yote ile nilikupitisha hapa?

— Kwenda ulikuwa unatazama barabara. Kurudi, giza limeshaingia.

— Mimi nilidhani picha zako ni nzuri kwa sababu ya kamera.

Hapo ndipo walipoliona basi limeegeshwa pembeni, tairi linabadilishwa. Lilikuwa limebeba wakimbizi wa Burundi waliotoka bandarini, wakipelekwa kambini. Mwaka huo wa 2015 walikuwa wakiingia kwa maelfu. Abiria walikuwa wameshuka. Wote walikuwa wanalitazama ziwa. Maji yale yale yanayogusa kwao.

Kijana mmoja, mama yake mgonjwa akiwa amemwegemea, akamsogelea Marcelina.

— Amahoro, mama. Naitwa Ciza. Unapiga picha?

— Nilikuwa napiga, mwanangu.

— Mke wangu yuko Kagunga, kule mpakani, na watoto, bado wanangojea meli. Sisi tulitangulia kwa sababu ya mama. Hajui kama tumefika wazima. Namba yake ninayo kichwani.

Marcelina akawapanga, ziwa likiwa nyuma yao. Vidole vyake vilikumbuka kila kitu: subiri wingu lipite, subiri mtu asahau kwamba anapigwa picha. Akapiga. Akaituma kwa namba aliyotajiwa na Ciza.

Wakangoja. Tairi likafungwa, watu wakaanza kupanda. Ndipo simu ikalia, ujumbe ukiwa kwa Kirundi. Ciza akausoma kwa sauti:

"Ndababonye. Imana ishimwe."

— Anasema ametuona. Mungu ashukuriwe.

Mama yake Ciza akaishika ile simu kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso wake. Watu wengine wanne wakatoka kwenye mlango wa basi:

— Mama, na mimi! Na mimi nina namba!

Akawapiga picha wote, akazituma. Dereva mwenyewe akasubiri.

Basi lilipoondoka, Assani alikuwa amekaa juu ya jiwe.

— Marcelina, usiende.

— Nibaki nifanye nini?

— Hiki ulichofanya sasa hivi. Mabasi bado yanakuja. Nitaendesha, utapiga. Na tuoane. Kwa Mkuu wa Wilaya wanaandika ndoa za serikali, hawaulizi nani anasali wapi.

Simu ikalia tena. Ella.

— Mama, uko wapi? Mabegi tayari!

— Ella, yangu yafungue. Nitakuja kwako likizo, nikae na wajukuu, halafu nirudi.

— Unaniacha, mama?

— Sikuachi, mwanangu. Nimetumia miaka mingi kujikataza kitu ambacho hata marehemu baba yako hakunikataza. Nakutumia picha niliyowapiga wakimbizi hapa sasa hivi. Iangalie.

Ella akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

— Hii umepiga wewe?

— Mimi.

— Na Mzee Assani?

— Anataka kunioa.

Ella akaangua kicheko chenye machozi.

— Sasa mama, mchumba wa watu anakaaje kinyume?

— Nageuka sasa hivi.

Assani akapiga kiki, akaigeuza Honda kuelekea mjini. Marcelina akapanda, uso mbele, mikono kiunoni mwa Assani, na ziwa lote likiwa mbele yao wawili.