Ubeti wa Polepole

"Pasi imepata moto."

Maneno matatu tu, ishara ya hatari, ndani ya hereni ya sikio la kushoto. Sindano aliacha kushona.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya pazia la studio, uzi mdomoni, akirekebisha pindo la gauni. Kwa watu wa filamu yeye alikuwa dada wa nguo. Kwa Mkuu wake alikuwa Sindano, jasusi aliyepewa kazi moja: kumlinda Jaji mpaka kesho asubuhi.

"Fafanua," alinong'ona kwenye kola.

"Mchezaji wenu mmoja amekutwa chooni, nyumba ya wageni. Amefungwa kamba, amelishwa dawa, haongei. Vazi lake halipo. Kinyago hakipo." Sauti ya Mkuu ilikuwa kavu. "Muuaji yumo humo ndani."

Sindano alichungulia ukumbini.

Wanaume ishirini. Makoti mekundu ishirini. Vinyago vyeusi ishirini.

Yupi?

Filamu yenyewe ilitokana na riwaya ya mapenzi iliyowaliza akina mama vizazi viwili: binti wa mwalimu anamkataa tajiri mara mbili, mara ya tatu anakubali. Sasa ilikuwa imegeuzwa ya nyimbo na ngoma, mtindo wa Bollywood, vitambaa vinang'aa mpaka macho yanauma. Leo walipiga picha za wimbo wa dansi ya vinyago.

Na Jaji alikuwa ameketi pembeni ya kamera, mkoba mapajani. Binti yake ndiye nyota wa filamu.

Kesho angesoma hukumu ya wale walioingiza bunduki nchini ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Akifa leo, kesi inaanza upya. Nusu ya mashahidi walikuwa wameshakimbia. Mizigo ingeendelea kuingia kama kawaida.

Sindano alimfuata na pini mkononi, akajifanya anamtengenezea mtandio.

"Mama, tunaondoka. Sasa hivi."

"Siendi popote."

"Kuna mtu humu ana bastola. Anakutafuta wewe."

Jaji hakugeuza hata shingo. "Nilikosa mahafali ya huyu mtoto. Nilikosa siku yake ya kuposwa. Kesi, kesi, kesi. Leo sikosi. Wewe una watoto?"

"Watatu."

"Basi usinichoshe. Fanya kazi yako."

Kichwa kigumu kama jiwe la kusagia! Lakini Sindano alijua kwamba hata akimbeba mgongoni, muuaji angefyatua kabla hawajafika mlangoni. Akiamuru vinyago vivuliwe, angefyatua vilevile.

Miguu ilimwasha. Alizunguka nyuma ya taa, akanyoosha kola hii, akafunga kifungo kile, akitafuta kiuno kilichotuna. Makoti yalikuwa mapana. Hakuona kitu.

Mwisho wa kila ubeti ngoma kubwa hupigwa na fataki hulipuka jukwaani. Nani angesikia risasi?

Hapo ndipo ningepiga mimi, aliwaza.

"Kila mtu mahali pake!" mwongozaji alifoka kwenye kipaza sauti.

Wimbo ulikuwa umepigwa redioni mwezi mzima. Hatua zake zilikuwa kwenye tangazo la televisheni. Hata mtoto wa chekechea angezicheza. Muuaji alijifunzia huko, bila shaka.

Ila ubeti wa tatu haukuwahi kutoka nje ya studio hii.

Ule ulipangwa uonekane polepole, wapenzi wakielea kama manyoya. Ili midomo iendane na maneno, wimbo hupigwa kwa kasi maradufu na wachezaji hucheza kwa kasi hiyohiyo. Kamera ndiyo huja kuwapunguza kasi kwenye picha. Wachezaji walikuwa wameufanyia mazoezi mpaka magoti yakavimba.

Sindano alimwendea mwongozaji mbiombio.

"Mfadhili amepiga simu. Anataka ubeti wa polepole uanze. Akichelewa kuuona, anaondoka na pesa zake."

"Amekwambia wewe? Mpiga pasi?"

"Simu yako umeizima, baba. Angemwambia nani?"

Mwongozaji aliwageukia wachezaji. "Badilisheni! Ubeti wa tatu! Kasi maradufu!"

Muziki ulilipuka. Sauti za waimbaji zikawa nyembamba kama za vifaranga. Makoti mekundu yalizunguka kama pangaboi.

Kumi na tisa waligeuka kulia.

Mmoja aligeuka kushoto.

Alijikwaa. Akamkanyaga mwenzake. Akaangalia jukwaani, akaangalia spika, kama abiria aliyepitilizwa kituo. Ngoma kubwa ilikuwa inakuja mbio kuliko alivyopanga, na yeye amempa Jaji mgongo.

"Safu ya pili, wa mwisho," Sindano alisema kwenye kola, tayari anakimbia.

Bastola yake, Beretta, ilikuwa ndani ya kikapu cha nyuzi. Aliiacha, akanyakua shela iliyokuwa juu yake. Binti wa Jaji alikuwa anacheza katikati.

Muuaji aligeuka. Mkono uliingia kotini, ukatoka na chuma cheusi kifupi.

Sindano aliruka na mita nzima ya shela ya hariri, akaizungusha kwenye kile kifundo cha mkono na kuvuta chini kwa uzito wake wote.

Fataki!

Risasi ilichimba sakafu. Hakuna aliyeisikia.

"Mshenzi we—" muuaji alianza.

Sindano aling'oa sindano ndefu kwenye kifuko cha pini, ile yenye dawa ya usingizi, akamchoma shingoni. Jamaa alitaka kumalizia tusi. Ulimi ulimkatalia. Akateremka taratibu, magoti kwanza.

"Kata!" mwongozaji alipiga kelele. "Nani kamruhusu dada wa nguo aingie kwenye picha?"

Vijana wawili wa Mkuu walimbeba yule bwana kama mtu aliyezimia kwa joto. Wengine wawili wakasimama nyuma ya kiti cha Jaji, zamu yao ya kumlinda mpaka asubuhi.

"Kwisha?" Jaji aliuliza.

"Kwisha, mama."

"Basi warudie. Umenizibia, mwanangu sikumwona."

Sindano alicheka, mara ya kwanza wiki nzima. Akachukua kikapu chake, akapita katikati ya vinyago vilivyomkodolea macho, akatokea uani kwenye jua. Pikipiki yake ya Honda ilikuwa kivulini.

Hereni ikakwaruza. "Sindano, mpeleke Jaji nyumbani."

"Hataki. Anaangalia wimbo."

"Mwambie ni amri."

"Mwambie wewe."

Akavua hereni, akaitia mfukoni, akawasha pikipiki.