Buletini Nne za Divine

Kila asubuhi Mama Suzanne alianika ndagala kwenye mchanga wa ziwa, mjini Baraka. Divine, binti yake, alimfuata nyuma akiwageuza samaki hao wadogo ili wakauke vizuri. Hawakuzungumza sana. Wapita njia ndio waliozungumza.

"Docta! Bukavu unaenda siku gani?"

Divine alitabasamu, akainama zaidi.

Jina la Docta lilianza siku matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka. Divine alipata asilimia hamsini na sita. Majirani walimmwagia poda nyeupe kichwani, kama wanavyofanyiwa wote wanaopata diplome ya kumaliza sekondari. Katikati ya vigelegele mama yake alipaza sauti: "Docta yangu!"

Poda ilitoka kwa maji. Jina halikutoka.

Wenzake wa darasa waliondoka mmoja mmoja kwenda kusoma. Rafiki yake, Émilienne, alimbebea dosie yake ya maombi hadi Bukavu, kwenye chuo cha udaktari. Baada ya siku chache alipiga simu.

"Divine, bamerudisha dosie. Batu ya bureau ya chuo banataka buletini zote ine. Weye ulitia mbili tu."

Divine alikata simu. Buletini mbili za kwanza, zile karatasi za alama za kila mwaka, alikuwa amezificha chini ya godoro. Mwaka wake wa kwanza wa humanite, yaani sekondari ya juu, vita viliwatoa yeye na mama yake Bibokoboko, kule juu milimani. Aliingia shule ya Baraka katikati ya mwaka. Alikaa dawati la nyuma, na siku nyingine ilipita nzima bila mtu kumwita jina. Mwaka ule alipata arobaini na tano, akavuka kwa mtihani wa marudio. Mwaka wa pili alipata hamsini na moja.

Mama yake alipouliza habari za Bukavu, alijibu: "Bado hawajajibu." Ilikuwa wiki ya tatu sasa akijibu hivyo. Walilala chumba kimoja, lakini Divine aliona kama analala peke yake.

Mwishowe alienda kwa jirani yao, Mama Yasmina, sekretere wa shule moja ya sekondari. Alimkuta akichambua mchele.

"Mama Yasmina, naomba uniandikie karatasi. Useme buletini zangu mbili zilipotea wakati wa kukimbia vita."

Mama Yasmina aliendelea kuchambua mchele.

"Batoto wengi zao zilipotea kwelikweli. Mi naandikaka karatasi hiyo kila mwaka. Zako zilipotelea wapi?"

Divine aliutazama mchele. Kisha akasema polepole: "Chini ya godoro."

Mama Yasmina alicheka kidogo, bila dharau. "Basi haziko mbali. Enda uzilete. Zote ine."

Divine alizileta, pamoja na zile mbili za dosie ambayo Émilienne alikuwa amemrudishia. Mama Yasmina alizipanga juu ya mkeka, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa nne.

"Mama yako anachaguaka ndagala mbele ya kuenda soko, wakubwa huku, wadogo huku. Na sisi tuchague. Soma."

"Arobaini na tano. Hamsini na moja. Hamsini na nane. Sitini na tatu."

"Zinashuka ao zinapanda?"

"Zinapanda."

"Ukificha hizi mbili, nani atajua kama ulipanda?"

Divine alizitazama tena. Hakuwahi kuziweka pamoja.

Mama Yasmina alipitisha kidole kwenye alama. Fizikia na hesabu zilikuwa dhaifu miaka yote. Kemia na biolojia zilikuwa nzuri.

"Udaktari ni miaka mingi, na chuo kile kinachagua wenye alama za juu sana. Ukitaka, jaribu. Lakini usijaribu pale pekee. Tafuta chuo cha pili, kinachofaa alama zako za leo. Na cha tatu, ambacho una hakika kitakupokea. Kila chuo uliza: kinatambuliwa na serikali? Kinataka karatasi gani? Utalala wapi? Tena uliza mwanafunzi anayesoma pale. Usiulize muntu wa barabarani."

"Na batu banaoniita Docta?"

"Hao batakufanyia mtihani?"

Divine alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Siku mbili walipiga simu na kuandika majibu kwenye daftari. Chuo cha ufundi wa tiba huko Uvira kilikuwa na masomo ya maabara, yenye kemia nyingi. Zilibaki siku tisa maombi yafungwe.

Jioni ya siku ya pili Divine alimwambia mama yake yote, hata habari ya godoro. Mama Suzanne alipangusa mikono yake iliyonuka samaki.

"Hiyo maabara, ndiyo kazi gani?"

"Ni kupima maji na damu, mama, kujua ugonjwa ni gani."

"Hata kipindupindu?"

"Hata kipindupindu."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Kumbe docta anangojaka muntu wa maabara aseme kwanza." Kisha akasema: "Divine, siku ingine usinifiche." Alikuwa amemwita kwa jina lake.

Divine alituma dosie yenye buletini zote nne. Uvira walimpokea. Alipanga chumba kidogo, na miezi ya mwanzo ilikuwa mirefu. Lakini safari hii alikaa dawati la mbele, na alipokosa kuelewa aliuliza.

Mwisho wa mwaka alipata sitini na moja. Aliweka karatasi hiyo pamoja na zile nne, akampigia mama yake simu.

"Sitini na moja! Na nani amekumwangia poda?"

"Hakuna, mama. Niko peke yangu hapa."

Mama alimwambia angoje kidogo. Kisha Divine akasikia kelele za soko la Baraka, na watu wakicheka.

"Basi nimejimwangia miye," alisema mama. "Niko mweupe mpaka kwa masikio. Cheka na weye, Divine."