Maji ya Bati Yanatembea

Boke aliangalia juu, akaangalia ziwani, kisha akauacha ungo wa mtama pale pale. Wingu lilikuwa limeshafika, na dagaa wake walikuwa bado juani. Alikimbia kuwaanua. Mama mkwe wake, Pelagia, akatoka ndani kumsaidia. Mama Pelagia ni mzee sasa, lakini kwenye kazi ya dagaa hakubali kukaa akitazama wenzake.

Hapa Bukima mvua ya ziwani haipigi hodi. Walipofikisha dagaa jikoni, ilikuwa inanyesha kweli kweli. Boke akaenda chumbani kwa mama mkwe, akaweka beseni karibu na kitanda. Hakuna aliyemwambia aweke. Katika nyumba hiyo, mvua na beseni vilishazoeana.

To! To! To!

"Mama, si baba Jastin aliziba hapa juzi?" Boke aliuliza.

"Aliziba. Na kabla ya hapo aliziba. Mwanangu anajua kuziba. Tatizo ni kwamba maji hayana habari."

Wote wawili walicheka, lakini Boke aliacha kucheka mapema. Aligusa ukuta ulio karibu na mto wa kulalia. Ulikuwa umelowa, na udongo uliganda vidoleni mwake. Nyumba ile imejengwa kwa tofali mbichi. Tofali mbichi linavumilia mambo mengi, lakini halivumilii maji. Boke aliogopa. Mama mkwe wake alikuwa analala chini ya ukuta ule.

Florian, mume wa Boke na baba wa mtoto wao Jastin, ni mvuvi wa dagaa. Kambi yake iko kisiwa cha Rukuba. Mwezi ukiwa mkali, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo yeye hurudi nyumbani kupumzika. Na akirudi, anaziba bati. Anaziba kama anavyoziba mtumbwi. Anachukua pamba, anaisokota, anapanda kitandani kwa mama yake, kisha anaishindilia pale pale tone linapodondokea.

Mtumbwi wa Florian hauvuji. Hata majirani wasiompenda wanakubali hivyo. Ndiyo maana bati lilimuudhi sana. Mtu anayelishinda ziwa, ashindwe na tone!

"Tumwite kaka Machage," Boke alimwambia mara nyingi. Machage ni fundi wa kuezeka, anaishi Nyakato, Musoma mjini.

"Shemeji yangu apande juu ya nyumba yangu?" Florian alijibu kila mara. "Mimi nimeoa kwao, halafu waje kuniezekea? Watu watanionaje?"

Jumapili iliyofuata, Florian akiwa nyumbani, wote walikwenda kanisani, na mvua ikanyesha tena wakiwa huko. Waliporudi, Mama Pelagia aliingia chumbani kuvua viatu. Kisha akaita, "Florian. Njoo uone."

Bonge la ukuta lilikuwa limeanguka. Lilikuwa juu ya mto, pale anapoweka kichwa.

Florian alilitazama bonge lile. "Mama, leo unahamia chumba cha Jastin," alisema.

"Sihami. Ukuta huu tuliukandika mimi na baba yako. Ukinihamisha, unaniambia nyumba imekufa."

"Mama, litakuua!"

"Basi tengeneza. Wewe si fundi?"

Hakusema kwa ubaya, lakini Florian aliumia. Alitoka nje, akampigia Machage simu yeye mwenyewe.

"Shemeji, habari za Nyakato," alisema. "Kuna kazi hapa kwangu imenishinda." Ilikuwa sentensi ngumu kwake. Usiku ule mama alikubali kulala chumba cha Jastin, lakini alisisitiza kwamba ni mgeni tu.

Machage alifika Jumatatu na mfuko wa vifaa. Alimwamkia Mama Pelagia, akanywa uji, akatazama juu. Hakupanda.

"Bati limelowa umande, litatuangusha," alisema. "Tusubiri likauke. Kwanza nionyeshe mnazibaga wapi."

Florian alimwonyesha. Machage akaichomoa pamba, akaikamua. Maji yakatiririka mkononi.

"Shemeji, mvua imeisha jana, lakini hii bado inanyesha humu ndani." Alichoma papi kwa msumari. Papi ni ule ubao unaoshika bati. Msumari ulizama kirahisi. "Unaona? Imeoza."

"Lakini kwenye mtumbwi pamba inashika," Florian alisema.

"Kwenye mtumbwi pamba inavimba, ubao nao unavimba, ufa unajibana. Bati litavimba?"

Florian alitabasamu bila kupenda. "Bati haliwezi."

"Tena mtumbwi unavuja wapi?"

"Pale kwenye ufa. Maji yanaingia hapo, unayaona hapo."

"Maji ya bati yanatembeaga. Yanaingilia huko juu, yanafuata ubao, yakichoka ndiyo yanadondoka. Wewe ulikuwa unaziba yanapotokea. Yalipoingilia hujapagusa."

Jua lilipokausha bati, waliegemeza ngazi mahali pagumu. Florian aliishika. Boke alibaki chumbani, macho juu, kipande cha mkaa mkononi. Machage alimwaga maji kwa jagi, akianzia ukingo wa chini wa paa, akipanda polepole.

"Mbona huanzii juu?" Florian aliuliza.

"Nikianzia juu, maji yatapita kwenye matundu yote. Hatutajua ni lipi."

"Vipi, dada?" Machage aliita.

"Bado!"

Akapanda kidogo, akamwaga tena.

"Bado!"

Alipokaribia kileleni, Boke alipiga kelele. "Yanakuja! Yanatambaa kwenye ubao kama siafu!" Akaweka alama ya mkaa. Alama ile ilikuwa mbali kabisa na kitanda.

Machage akashuka. "Panda wewe, shemeji. Nyumba ni yako. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, chini yake kuna mbao."

Florian alipanda, Machage akimfuata kwa maneno kutoka kwenye ngazi.

"Bati lina mgongo na lina bonde. Maji yanapita wapi?"

"Bondeni."

"Na huo msumari umepigwa wapi?"

Florian aliinama, akaugusa. "Bondeni," alisema. "Niliupiga mimi. Niliona bonde ndilo linagusa ubao, nikadhani litashika vizuri."

"Linashika, ndiyo. Halafu linavujisha."

Waling'oa misumari ya bondeni. Walifungua bati moja, wakabadilisha papi iliyooza. Walisugua kutu kwa msasa, wakaziba matundu kutoka juu kwa kitambaa kilicholowekwa kwenye lami. Misumari mipya, yenye kofia na mpira, waliipiga mgongoni.

"Mpira ukibana, acha," Machage alionya. "Ukiendelea utalibonyeza bati."

Boke naye alitaka ukuta upigwe lipu ya saruji. Machage akakataa. "Saruji juu ya udongo huwa inafungia unyevu ndani, halafu inabanduka. Udongo unapenda udongo mwenzake."

Basi walikwangua udongo uliolegea, wakauacha ukuta ukauke hadi ndani. Kisha Mama Pelagia akachukua uongozi. Alichanganya udongo na nyasi zilizokatwa, akapima ulaini wake kwa vidole, akamgombeza Boke kwa kuzidisha maji. Florian alikandika pale mama yake alipoonyesha. Kwenye ukuta ule sasa kuna alama za mikono ya watu watatu, na mzee akarudi chumbani kwake.

Giza la mwezi lilipofika, Florian alirudi Rukuba. Alasiri moja aliona wingu zito likielekea Bukima. Akapiga simu.

"Mama, mvua imefika huko?"

"Imefika. Inapiga sana."

"Na chumbani?"

"Subiri," mama alisema. Alisimama juu ya kitanda, kama mwanawe alivyokuwa anasimama, akainua simu karibu na papi mpya.

Florian aliziba sikio la pili kwa kidole. Alisikia mvua ikilipiga bati. Alisubiri ile to, to, to. Alisubiri tena.

"Umesikia?" mama aliuliza.

"Nimesikia mvua tu, mama."

"Hata mimi. Beseni sasa Boke anaoshea dagaa. Kavue."