Mita Mbili za Mikono Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Sina mume. Nimelea wadogo zangu wawili, na mmoja nimemzika kwa kosa langu mwenyewe...

Baba na mama walifariki nikiwa darasa la tatu. Niliacha shule, nikashika jembe, ili Yona na Mariamu wasome. Yona alipomaliza darasa la saba, nani alikuwa na furaha kama mimi?

Wakati wa vijiji vya ujamaa tulihamia kijiji kipya upande wa Kintinku. Nyumba zilipangwa mistari, lakini maji hayakuwepo. Kila kaya iliambiwa ichimbe kisima kwenye mto mkavu.

Bwana maji, afisa wa serikali aliyesimamia visima, alituita mkutanoni. Alisema pale ni mchanga mtupu, hivyo tukifika mita mbili tuache kuchimba mpaka tusimamishe miti ya kuzuia kuta. Nilikuwa nyuma kabisa, nimekaa na wanawake. Nilimwona ametanua mikono, ameshika fimbo ya kupimia. Nikajisemea, kumbe mita ni ile pima ya wazee wetu, mikono miwili ikitanuliwa. Serikali imeipa jina jipya tu.

Kwa nini sikuuliza? Niliona haya. Mtu wa darasa la tatu asimame aulize mbele ya kijiji kizima?

Nyumbani nilitanua mikono juu ya kamba, nikafunga fundo. Nikatanua tena, nikafunga la pili. Yona akacheka.

"Dada, hizo ni pima. Mita inaanzia vidoleni, inaishia bega la pili. Huo mkono mwingine uache upumzike."

Nilikasirika. "Nimekubeba mgongoni, leo unanifundisha kupima? Utachimba mpaka fundo la pili."

"Haya, mwalimu," akasema, akachukua sururu.

Siku ya tatu aliniita kutoka shimoni. Mchanga ulikuwa unachuruzika ukutani, akauliza kama tuweke miti sasa. Niliteremsha kamba. Ncha yake ikagusa chini, lakini fundo la pili lilikuwa bado mkononi mwangu, juu ya ardhi. Nikamwambia bado kidogo. Miti ilikuwa kando yangu, imekwisha kukatwa...

Ukuta ulishuka bila kishindo, kama mtama unaomiminwa ghalani. Nilipiga yowe. Majirani walikuja na majembe, wengine wakachimba kwa mikono. Walipomfikia Yona, alikuwa amekwisha kufa.

Baada ya maziko, bwana maji alikuja kutoa pole. Nilimwomba anionyeshe mita. Alilaza fimbo juu ya mkono wangu ulionyooshwa. Ilianzia vidoleni, ikapita kifuani, ikaishia bega la pili. Pale pale aliposema Yona! Shimo letu, aliniambia kwa sauti ya chini, lilikuwa limepita mita tatu.

Mjumbe wa nyumba kumi alinifariji. "Mwanangu, ni kazi ya Mungu." Watu wakaitikia. Mariamu peke yake ndiye aliyeniuliza, "Dada, kwa nini hukumsikiliza?" Miaka imepita, naye ameolewa Manyoni, swali lake ameniachia.

Kamba ile ninayo. Niliyafungua mafundo yale kwa meno, maana yalikuwa yamekaza, nikayafunga upya mahali panapostahili. Kila kiangazi wachimbaji huja kuiazima. Kabla sijawapa, huwanyooshea mkono na kuwaonyesha bega, hata wazee. Wengine hucheka. Nawaacha wacheke, mradi wameona.

Ndugu zangu, nawasihi, msichokielewa kiulizeni, hata kama watu watawatazama. Haya ya kuuliza hupita siku ile ile. Na mdogo wako akijua usichokijua, mshukuru.

Mimi niliacha shule ili Yona ajue. Alipojua, nikakataa kumsikia.