Sahani ya Zabron

Kiroba cha usipa kilipasuka pale stendi ya Mbinga, dagaa hao wa Ziwa Nyasa wakamwagika kwenye gauni jipya la kitenge la Emerensiana.

"Kaka, mimi ni sufuria?"

"Samahani, dada. Ila wamekupendeza," akasema Zabron, mwuza samaki wa Mbamba Bay, shati jeupe, tabasamu la kuudhi.

Mapenzi yakaanzia hapo, na simu za kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakula ukipika wewe."

"Muongo mkubwa!"

Siku ya kujitambulisha, mama yake Emerensiana, mkulima wa kahawa mwenye mdomo mkali, alipakua ugali na jogoo. Nyumbani kwao mchumba humaliza sahani, akiibakiza, amewadharau. Zabron alimeza matonge mawili, akashika kifua, akaisukuma.

"Huyu ameshibia kwa mwanamke mwingine," mama akasema, mgeni akiwa bado amekaa.

Emerensiana aliona aibu, na aibu ikamfanya mkatili. "Rudi siku utakayomaliza sahani."

Mjinga yule wa mapenzi alitii. Badala ya kwenda hospitali, akafanya mazoezi. Msimu mzima wa kahawa alijifungia chumbani, tonge kwa maji, tonge kwa maji, akitapika na kuanza upya. Suruali zikawa zinamvuka.

Aliyepiga simu ni Rosina, dada yake Zabron. "Wifi, njoo hospitali. Alituficha."

Daktari alimweleza Zabron mbele yao. "Ni saratani, pale umio unapoingia tumboni. Kiini chake kikiwa juu kidogo, kwenye umio, tunaiita aina ya kwanza. Kikiwa chini, tumboni, ya tatu. Yako imekalia maungio yenyewe: ya pili. Tunazitenga hivyo ili tujue pa kukata."

"Basi mkateni!" akasema Emerensiana.

"Imeshafika kwenye ini, dada. Hatuwezi tena. Kwa nini ulichelewa hivi, Zabron?"

Zabron akamtazama mpenzi wake, akatabasamu. "Nilikuwa najifunza kula."

Emerensiana alilia mbele za watu bila kujali. "Nioe hivyo hivyo."

"Na sahani je?"

"Nitaimaliza mimi."

Padri waliyemwita kwa ajili ya ndoa ndiye aliyemzika. Msibani, mama alimpakulia Emerensiana ugali na samaki. Akala mpaka tonge la mwisho, na mama akamsifu kwa wenzake kwamba binti yake anajua kujikaza.