Chambo Mwenye Magamba

Hiace nyeupe ilikata kona kwa magurudumu mawili, ikapitia kibanda cha muuza soda, ikaendelea.

Nyuma yake alikuwa Sindano, jasusi wa kike, juu ya Honda nyeusi, kifua kimelala kwenye tangi. Idara ilimpa jina hilo kwa sababu aliingia mahali bila kelele na kutoka akiwa ameacha maumivu.

"Mkuu, niko nao," alisema kwenye kipaza sauti kilichofichwa katika ukosi wa koti lake. "Nipige tairi?"

"Usipige. Nataka wakufikishe kwenye ghala lao."

Mlango wa nyuma wa Hiace ukafunguka. Mkono ukasukuma kreti ya mbao barabarani.

Sindano akakwepa. Honda ikateleza, ikamburuta, ikamlalia mguu mtaroni.

Kreti ilipasuka. Ndani yake kulikuwa na kakakuona, amejikunja kama mpira, magamba yamelowa damu.

Wa kwanza kufika alikuwa msusi wa saluni ya pale jirani, taulo mkononi. Alijua la kufanya. Kituo cha kutibu wanyamapori kilichokuwa mtaani kwao kilikuwa kimemfundisha kila mkazi: mfunike, mweke gizani, usimpe maji, piga simu. Alimfunika mnyama, akamwingiza kwenye boksi la mafuta ya nywele, kisha akawageukia waliokuwa wakipiga picha.

"Rudini nyuma! Nyie mngependa kupigwa picha mkiwa hoi?"

Akapiga simu kituoni. Jasho halijamkauka, gari likafika, nembo ya kituo mlangoni. Akashuka mwanamume mwenye koti jeupe na sauti ya upole. Akafunua taulo, akampapasa mnyama, akatabasamu.

"Ahsante sana, dada. Umeokoa maisha."

Akaondoka na boksi. Msusi akafuta machozi ya furaha.

Muda si muda likaja gari lingine lenye nembo ileile, kuukuu, linakohoa moshi. Akashuka mlezi wa wanyama wa kituo, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba.

"Yuko wapi?"

"Si mmeshamchukua?"

"Nani kamchukua? Sisi gari tunalo hili moja tu."

Msusi akakaa chini palepale kwenye vumbi. "Mungu wangu. Nimemkabidhi mwizi kwa mikono yangu miwili."

"Si wewe peke yako, mwanangu. Mwezi huu kila tunakoitwa tunakuta tumetanguliwa."

Sindano alikuwa amejinasua mtaroni. Akaja akichechemea, suruali imechanika gotini.

"Basi kuna anayesikiliza simu yenu," alisema.

Kituo kilikuwa gereji ya zamani. Wafanyakazi walikuwa wachache; kilichokiweka hai ni mtaa. Muuza nyama alileta mabaki ya kulisha tai. Maseremala walijenga vizimba bila kudai hata soda. Wenye viwanja waliacha vichuguu vyao bila kuvibomoa, ili kakakuona wanaopona wapate mchwa wa kula, na wakazi walipokezana kuwasindikiza asubuhi wakatafute riziki.

Kwenye kisanduku cha nguzo ya simu nje ya geti Sindano alikuta kidude cheusi kimeng'ang'ania waya kama kupe. Hakukitoa.

Mkuu akaita sikioni. "Ndege yao ya mizigo inaruka saa kumi alasiri. Hatujui ni ipi, wala ghala liko wapi. Ikiruka, tumekwisha."

Sindano akamgeukia Mjomba. "Nahitaji chambo. Nipe kakakuona."

Alikuwepo mmoja tu. Jike, na mtoto amempanda mkiani.

"Huyu aliletwa mguu umetafunwa na mtego," Mjomba alisema. "Tumemlea mpaka ametengemaa. Wiki ijayo anarudi msituni. Na ananyonyesha. Tia jiwe kwenye boksi."

"Yule Koti Jeupe anafunua kwanza. Msusi kamwona."

"Mama, nakuomba."

"Mjomba, mimi sikuombi. Nakuarifu. Ghalani wako wengi kuliko huyu."

Mzee akaingia kizimbani, akambandua mtoto mkiani kidole kwa kidole, akamkumbatisha msusi.

"Usimguse wewe," alimwambia Sindano. "Mimi ananijua."

Akamtia jike kwenye boksi kwa mikono yake. Sindano alifanya kazi moja tu: alibandika chini ya gamba kifaa cha kufuatilia, kidogo kama mbegu ya papai.

Kisha mtaa ukaanza kupiga simu kituoni.

Muuza nyama aliripoti bundi kaangukia gogo lake la kukatia. Fundi viatu alikuwa na nguchiro aliyevunjika kiuno. Mwalimu mkuu, mtu asiyejua mzaha, aliapa kwamba kuna chatu chooni na walimu wamejifungia ofisini. Kila mmoja alitaja kona yake ya mji, na magari ya majangili yakatawanyika kuzifuata. Hakuna aliyecheka.

Msusi akapiga mwisho. "Nimepata kakakuona mkubwa," alisema, na kilio chake kilikuwa cha kweli.

Koti Jeupe alikuja peke yake. Akafunua. Akachukua.

Nukta nyekundu kwenye simu ya Sindano ilisimama katika kiwanda cha sabuni kilichofungwa zamani.

Aliingia kupitia dirisha la stoo, bastola ya Glock mkononi, kiziba sauti kwenye mtutu. Mlinzi wa kwanza hakupata hata nafasi ya kushangaa. Wa pili alifyatua bunduki kabla ya kuanguka, na mlio ukajaa jengo zima.

Sindano akakimbia hadi ukumbini.

Kreti zilipangwa hadi darini. Kati yake pipa la maji lilitokota juu ya jiko la gesi, na kando yake rundo la magamba. Wasioweza kustahimili safari walichemshwa, magamba yabanduke. Hakuna aliyejisumbua kuwaua kwanza.

Koti Jeupe alisimama ubavuni mwa pipa. Alimshika jike mkia, akamning'iniza juu ya mvuke.

"Weka bastola chini. La sivyo namwachia."

Magamba ya mnyama yalitetemeka. Mkono wa Sindano haukutetemeka.

"Si nyie mnaowapenda sana?" Koti Jeupe alidhihaki.

"Wanaowapenda wako mtaani."

Akafyatua.

Risasi ilisaga goti. Koti Jeupe akaanguka, na mkono wake ukafunguka.

Maji yakaruka.

Kakakuona hajui kupiga mayowe. Mayowe yote mle ndani yalikuwa ya mwanamume.

Sindano akamkamata ukosi, akamkokota hadi kwenye pipa, akamwinamisha mpaka mvuke ukamlowesha kope.

"Ndege ipi?"

"Nataka wakili!"

"Humu hayumo."

Akamsogeza kidogo. Ngozi ya kidevu ikaanza kubadilika rangi. Akasema yote.

"Mkuu. Ndege yenye mkia mwekundu. Wamo ndani ya masanduku ya samaki."

Mkuu akatoa amri, akarudi hewani. "Imezuiwa. Uko salama?"

"Niko salama."

"Na chambo?"

Sindano akakata mawasiliano.

Mtaa ulikuja na kila chenye magurudumu: teksi, mikokoteni, gari la mkate. Walibeba kreti polepole kama wanaobeba watoto wachanga. Wengi wa wanyama walikuwa hai.

Kituoni, msusi alikuwa ameketi sakafuni na chupa ya maziwa. Mtoto alikataa. Alipapasa mkono wa msusi, akitafuta mkia wa kupanda.

"Mama yake?" Mjomba aliuliza.

"Amekufa."

"Amekufaje?"

"Vibaya."

"Ungeweka hiyo bastola chini."

"Angemwachia vilevile. Angenimaliza na mimi, ndege ingeruka."

"Una hakika?"

"Sina."

Mjomba akafungua mlango, akabaki ameushikilia. "Basi nenda. Sisi tuna kazi."

Sindano akavaa miwani yake ya jua. Nje watu walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani, mikononi wana mablanketi na ndoo za mchwa. Alipita katikati yao. Wakampisha kama wanavyopisha gari la maiti. Alitembea wima, mguu mbovu na mzima kwa mwendo mmoja, wala hakugeuka.