Kufuli la Lango la Nyuma

Kila asubuhi fundi wa kufuli alipanda pikipiki mlangoni kwake, akashuka mlangoni pa kibanda chake. Kutwa nzima alikaa kwenye stuli. Alichonga funguo. Alirekebisha vitasa. Jioni pikipiki ilimrudisha nyumbani. Miguu yake ilikuwa na kazi moja tu, kumtoa kitandani na kumfikisha mezani.

Mwaka huo fundi alikuwa na hofu moja kubwa. Kaka yake alikuwa amepata kiharusi kwa sababu ya presha, na mkono wake wa kulia haukuweza tena kushika hata kijiko. Fundi naye alipimwa, akakutwa na presha. Usiku na mchana aliitazama mikono yake. Fundi wa kufuli asiye na mkono ni fundi gani?

Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge, akamwambia apunguze chumvi. Fundi akatii. Miezi mitatu presha ikashuka vizuri. Mwezi wa nne ikapanda. Mwezi wa tano ikapanda zaidi, 156 kwa 98.

"Baba, unameza dawa kweli?" muuguzi aliuliza.

"Nameza! Muulize mke wangu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Chumvi nayo nimeisahau, chakula changu hakina ladha kabisa."

Muuguzi alikuna kichwa. "Basi hata mimi sielewi. Mwezi ujao ikiwa bado iko juu, nitakupeleka kwa daktari."

Fundi alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Aliketi mezani, akaweka pakiti mbili za vidonge mbele yake.

"Mama Pacha, njoo uone," alimwita mkewe. "Pakiti ya zamani ni ya bluu. Hii ni ya kijani. Nadhani hii ya kijani haifanyi kazi. Naacha!"

"Usiache! Labda kile kipimo chao ndicho kibovu."

"Kipimo kibovu, mbona muuguzi alimpima mwingine ikawa sawa?"

"Basi ni chai. Unakunywa chai nyingi."

"Chai nimekunywa tangu nizaliwe!"

Mama mkwe alikuwa dirishani akichambua mboga. Mama huyo hakuwahi kukosa la kusema. "Mimi nilidhani ni hasira," alisema. "Lakini nayo haingii akilini. Barabara ilipochimbwa ili kuweka mabomba, mkwe wangu alinung'unika miezi mitatu mfululizo. Presha ingepanda wakati ule. Sasa barabara nzuri, mkwe anacheka, presha ndiyo inapanda. Mtu gani huyu anaumwa na furaha?"

Wote walicheka, isipokuwa fundi. Yeye alizidi kuchanganyikiwa.

Jirani yao alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Watu walimwita Mama Daftari kwa sababu hakuenda popote bila daftari lake.

"Hodi. Shemeji, kwanza rudisha vidonge mahali pake," alisema. "Rangi ya pakiti inaweza kubadilika. Ukiwa na shaka, muulize muuguzi. Dawa ya presha huachi kwa kujiamulia."

Fundi akairudisha pakiti kabatini, shingo upande.

"Sasa nijibu. Barabara ilipochimbwa, ulikwendaje kazini?"

"Kwa miguu! Pikipiki zilikuwa hazipiti. Nilikatiza bustani ya umma. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Niliteseka!"

"Miezi mingapi?"

"Mitatu."

Mama Daftari alifungua daftari, akaandika safu mbili. Miezi ya kutembea. Miezi ya presha kushuka. Akamsogezea. Fundi alisoma polepole, kidole kikifuata maandishi. Akarudia. Mdomo ukabaki wazi.

"Unataka kuniambia mabomba yameniponya?"

"Si mabomba. Miguu! Moyo ni msuli. Ukitembea kwa haraka kidogo, moyo unapata nguvu, unasukuma damu bila kujilazimisha. Mishipa nayo inalegea. Vidonge vilikusaidia, na kutembea kukasaidia. Umeacha kimoja."

"Na yale manung'uniko yake?" mama mkwe aliuliza.

"Alinung'unika akitembea, mama. Miguu haikujali."

"Nitatembea barabarani basi," fundi alisema.

"Barabarani kuna malori, na njia ya miguu hakuna. Bustanini kuna kivuli, hakuna magari, na hulipi kiingilio. Ndiyo maana bustani ni hazina ya afya yetu sote. Pita palepale ulipokuwa unapita."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Haiwezekani," alisema. "Lango la nyuma limefungwa. Barabara ilipokamilika, mtunza bustani alilalamika kwamba pikipiki zimeanza kukatiza humo na kuwatisha watoto. Nikamwambia, funga tu, nani atapita huko sasa? Nikamuuzia kufuli kubwa. Nikalifunga mwenyewe." Aliona aibu, na alijionea huruma pia.

Kesho yake asubuhi alimfuata mtunza bustani.

"Nifungulie lango," alimwomba.

"Wewe si ndiye uliyesema lifungwe? Na pikipiki je?"

Fundi alilizunguka lango mara mbili. Hili alilielewa. Kuhusu presha alibabaika, lakini malango aliyajua. "Nitaweka nguzo tatu za chuma, zipishane. Mtu atapinda na kupita. Pikipiki haitaweza. Mwenye kiti cha magurudumu ataingia kwa lango kubwa la mbele, halina ngazi."

Mtunza bustani alikubali. Jumamosi nguzo zilisimama, na fundi akaondoka na lile kufuli. Jumatatu fundi alipita kwa miguu. Wiki ya pili mkewe alimsindikiza. Kisha mama mkwe naye akaja, akidai amekuja kuketi tu. Lakini alizunguka bustani mara mbili akitafuta benchi linalompendeza. Watoto walicheza mpira kwenye majani. Majirani ambao zamani hawakusalimiana walianza kuulizana hali.

Mwezi uliofuata presha ilianza kushuka, kwa hiyo muuguzi hakumpeleka kwa daktari. Miezi mitatu baadaye alimpima fundi. 130 kwa 82. Akampima tena, maana hakuamini.

"Umefanya nini, baba?"

"Nameza vidonge, natembea bustanini. Mkono wangu ni huu, hautetemeki."

Siku hiyo mteja alikuja kibandani. Aliona kufuli kubwa limening'inia ukutani.

"Hilo unaliuzaje, fundi?"

"Haliuzwi."

"Kwani lilifunga nini?"

Fundi alitazama mikono yake miwili, wa kushoto na wa kulia. "Lilinifungia njia ya kupona," alisema. "Na aliyelifunga ni mimi."

Kisha akafunga kibanda, akakaza kamba za viatu, akarudi nyumbani kwa miguu.